Fungu la kumi, kutoa kwa hiari au kupanda mbegu? Tuyapime yote matatu kwa Biblia

Kila mwisho wa mwezi hapa Dar kuna Mkristo ameshika simu anawaza, nitume fungu la kumi kwanza au nimalizie kodi ya nyumba, na sio kwamba anatafuta kisingizio, anampenda Mungu kweli, shida ni kwamba kafundishwa vitu vitatu tofauti na vyote vina mstari wa Biblia. Jumapili mchungaji wake kasema asiyetoa zaka, yaani hilo fungu la kumi, anamwibia Mungu. Katikati ya wiki kamsikiliza mwalimu mmoja YouTube anasema zaka ilikuwa ya Israeli, sisi tunatoa kwa hiari. Ijumaa rafiki yake kamvuta kwenye mkesha Kimara huko, mtumishi kasema panda mbegu inayokuuma, yaani toa sadaka kubwa ukitegemea Mungu akurudishie zaidi, ndo utatoka hapo ulipo. Sasa huyu afanyeje?

Nimemwandikia huyo. Sitaki mtu ahame kanisa kwa sababu yangu, nataka tufanye kama Waberoya wa Matendo 17:11, ambao walimpokea Paulo vizuri kabisa na bado "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Luka anawaita waungwana kwa hilo. Hajasema wamemkosea adabu mtume. Kwahiyo ukipima mafundisho ya mchungaji wako kwa heshima hujaasi na wala hujamgusa mpakwa mafuta wa Bwana, umefanya kitu ambacho Biblia yenyewe imekisifia.

Tutapimia nini

Vigezo viwe sawa kwa wote, maana tabia yetu ni kumkaba yule tusiyempenda kwa maswali magumu afu wa kwetu tunampitisha tu. Mimi natumia vinne. Cha kwanza, mstari unaotajwa ukisoma sura nzima unasemaje, na nani alikuwa anaambiwa. Cha pili, Yesu na mitume walisema nini na walifanya nini. Cha tatu, hela inamfikia nani na hesabu yake anaiona nani. Cha nne, fundisho hilo linamfanya nini mtu wa kipato kidogo, yule wa vibarua Kariakoo au mama ntilie wa Buguruni. Hiki cha nne wengine watasema sio cha kimaandiko, ila ukisoma Amosi na Mika na Yakobo utaona Mungu mwenyewe anakitumia sana.

Na niseme mapema msimamo wangu uko karibu na utoaji wa hiari, ujue unaposoma. Nimejitahidi kuwasemea wengine vile ambavyo wao wenyewe wangejisemea.

FUNGU LA KUMI KAMA AGIZO

Wasabato wanalishika kwa uwazi sana, makanisa mengi ya Kipentekoste pia. Wakatoliki wana zaka na inapitia jumuiya ndogo ndogo, ila Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 222, inawataka waamini wategemeze mahitaji ya Kanisa bila kutaja asilimia kumi. Walutheri wengi utawakuta na bahasha za ahadi, mtu anaahidi mwenyewe. Kwahiyo usidhani kila anayepokea bahasha anafundisha kitu kimoja, muulize kiongozi wako.

Sura nzima inasemaje. Hapa ndo penye utajiri na ndo watu hawasomi. Hesabu 18:21-24 zaka wanapewa Walawi kwa sababu hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine, wao urithi wao ni kuhudumu kwenye hema, na mstari wa 26 unawaambia na wao watoe zaka ya ile zaka. Walawi 27:30-32 inataja mazao ya nchi, matunda ya miti, ng'ombe na kondoo. Torati inajua habari za kibarua na ujira wake, Kumbukumbu 24:14-15 inasema alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijachwa, lakini kwenye orodha ya vitu vya kutolewa zaka ujira haumo.

Afu nenda Kumbukumbu 14:22-29, hii huwa inawashangaza hata watu waliookoka miaka mingi. Mwenye zaka anaambiwa aile yeye na watu wa nyumbani kwake mbele za Bwana, na kama mahali ni mbali aiuze, afunge fedha mkononi, akifika huko anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, wale wafurahi, tena asimwache Mlawi aliye malangoni kwake. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu ile zaka inawekwa pale pale mjini kwake, anakuja Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wanakula na kushiba. Wasomi wamegawanyika kama hizi ni zaka mbili tatu tofauti au ni moja yenye matumizi tofauti, kwahiyo hata hesabu ya asilimia kumi sio nyepesi kama tunavyoambiwa, Mwisraeli inawezekana kabisa alitoa zaidi.

Malaki 3 sasa. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ni chakula kinazungumziwa. Ukitaka kuona ghala tupu lilileta nini soma Nehemia 13:10-12, Walawi na waimbaji walikosa posho zao wakakimbilia kila mtu shambani kwake, nyumba ya Mungu ikaachwa. Kuna wanaosema Malaki alikuwa anawagombeza makuhani peke yao, na kweli 1:6 na 2:1 zinawataja wao, ila 3:9 inasema taifa lote, kwahiyo hoja hiyo haifiki mbali. Ila na huyu anayechukua laana ya 3:9 akamwekea mama aliyeokoka mwezi uliopita, yeye naye ana kazi ya kujibu Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Hapo sijawahi kusikia jibu lililonitosha.

Yesu na mitume. Hoja nzuri kuliko zote ya watetezi wa zaka ni Mathayo 23:23, Yesu anawaambia Mafarisayo mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira mmeacha adili, rehema na imani, na anamalizia kwamba hayo yaliwapasa kuyafanya bila kuacha yale mengine. Hajaifuta. Wanaopinga wanajibu kwamba aliongea na watu walio chini ya torati, hekalu likiwepo, na ni Yesu huyo huyo aliyewaambia waliotakasika ukoma wakajionyeshe kwa kuhani. Hoja ya pili ni Abrahamu na Melkizedeki, Mwanzo 14:20, kwamba zaka ilikuwepo kabla ya torati. Ni kweli. Ila Waebrania 7:4 inasema alitoa katika nyara, na hatusomi popote kwamba alirudia, halafu tohara nayo ni ya kabla ya Musa na Paulo alipambana isiwekwe shingoni mwa mataifa. Kwahiyo "ilikuwepo kabla ya torati" peke yake haitoshi kuifanya agizo. Na Matendo 15, mitume walipokaa Yerusalemu kuamua mataifa wabebe nini, zaka haikutajwa. Mtetezi wa zaka atakwambia hata wizi haukutajwa pale, na hilo nalo ni la kufikiria.

Kihistoria asilimia kumi ilikuja kuwa sheria ya kanisa taratibu. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Mâcon kule Ufaransa mwaka 585 uliiagiza na kutishia kumtenga asiyetoa, na mfalme Charlemagne mwaka 779 akaitia nguvu ya serikali. Hilo halifanyi zaka kuwa mbaya, linakuonyesha tu kwamba ile tunayoijua sisi imepita mikono mingi.

Hela inamfikia nani. Ikiwa na utaratibu, hapa njia hii ina sifa kubwa. Mfano kwa Wasabato zaka haibaki kanisa la mtaa, inapanda juu kwenye konferensi na ndo inawalipa wachungaji, kwahiyo mchungaji wa kijiji maskini hategemei mifuko ya kijiji chake tu. Hiyo inafanana na Walawi kweli kweli. Ila pale ambapo zaka yote inaishia kwa mtu mmoja na hakuna mhazini wala risiti, ule mfano wa Walawi umeshakatika, maana wao walitoa zaka ya zaka na yatima alikula.

Kipato kidogo. Mwenye laki tatu akitoa elfu thelathini anasikia, mwenye milioni tano akitoa laki tano bado anaishi. Asilimia inaonekana sawa, maumivu sio sawa. Kwa upande mwingine nimeona watu wa kawaida kabisa ambao fungu la kumi liliwafundisha kupanga bajeti maishani kwa mara ya kwanza, na furaha yao ni ya kweli, usiwadharau. Swali la kutoa kabla ya PAYE na NSSF au baada yake Biblia haina jibu, na mtu asikutie hatia hapo.

Inamfaa nani? Mtu mwenye mshahara unaoeleweka, anayejijua akiachiwa huru hatatoa, na kanisa lake linasoma hesabu mbele ya washirika.

KUTOA KWA HIARI

Sura nzima inasemaje. Mstari wao ni 2 Wakorintho 9:7, kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Ukisoma sura ya 8 na 9 pamoja utakuta Paulo anachangisha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, sio mshahara wake wala jengo. Kwahiyo na hawa wakubali kwamba mstari wao una muktadha wake, ulikuwa mchango maalumu. Ila kanuni anazoweka Paulo pale ni pana, na 8:12 kwangu ndo mstari uliosahaulika kuliko yote kwenye mada hii, kwamba nia ikiwepo mtu anakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Unaelewa hiyo inafuta mambo mangapi? Mkopo wa kutolea sadaka, aibu ya kunyanyuliwa mkono mbele ya watu kwamba wenye laki waje mbele, vyote.

Yesu na mitume. Matendo 2 na 4 watu waliuza mali wakagawa kwa kadiri ya uhitaji, na Petro anamwambia Anania, aliyeficha sehemu ya fedha ya kiwanja chake, kwenye 5:4 kwamba kiwanja kilikuwa chake na hata kilipouzwa fedha ilikuwa mikononi mwake, kosa lake lilikuwa uongo. Hakuna kiwango. 1 Wakorintho 16:2 inaweka utaratibu, siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Angalia hiyo vizuri, hiari ya Paulo ina siku, ina kumbukumbu, ina uwiano na kipato. Sio ile ya kupapasa mfukoni kapu likifika ukatoa mia tano uliyorudishiwa na konda. Na wale wa Makedonia kwenye 2 Wakorintho 8:1-4 walikuwa maskini wa kutupwa wakatoa kupita uwezo wao, wakaomba wenyewe waruhusiwe. Hiari ikieleweka vizuri inaweza kukudai zaidi ya asilimia kumi.

Kuna hoja wanayoikwepa. 1 Wakorintho 9:13-14 Paulo anachukua mfano wa wahudumu wa hekaluni na kusema Bwana ameamuru wahubirio Injili wapate riziki kwa Injili. Amri ipo. Wagalatia 6:6 nayo, mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake mema yote. Ukishikilia hiari afu mchungaji wako anadaiwa ada za watoto na wewe unabadilisha simu kila mwaka, hiari yako haijasoma hiyo sura.

Hela inamfikia nani. Paulo alikuwa makini kuliko makanisa mengi ya leo. 1 Wakorintho 16:3 anawaambia wachague watu wao wenyewe wapeleke mchango, na 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwa nini, mtu asije akawalaumu, watunze yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyeona maono alitaka mashahidi kwenye hela! Anayesema kuomba hesabu ni kukosa imani aanze na huo mstari.

Kipato kidogo. Hapa inapumulika. Bodaboda ambaye jana kapata elfu thelathini leo kapata elfu sita na ya bosi haijatoka, "kadiri ya kufanikiwa" inamkuta alipo. Hatari yake ni kwamba wengi wanaosema hiari hawatoi kabisa, na kanisa linaendeshwa na akina mama wachache wenye moyo.

Inamfaa mwenye kipato cha kupanda na kushuka, mtu aliyeumizwa na vitisho vya laana, na mtu anayeweza kujisimamia. Kama huwezi kujisimamia jiwekee kiwango mwenyewe, hata hiyo asilimia kumi, ukijua ni nadhiri yako na sio deni.

KUPANDA MBEGU

Huku kuna msamiati wake, mbegu, kugusa madhabahu (kupeleka sadaka mbele), sadaka ya kujimaliza (kutoa vyote ulivyo navyo), malimbuko ya Januari. Malimbuko nitapita haraka, Kumbukumbu 26 inazungumzia kikapu cha mazao ya kwanza, kuufanya mshahara wote wa Januari ni tafsiri ya watu na mtu asilazimishwe.

Fundisho la mbegu kwa sura tunayoijua lilienezwa sana na mhubiri wa Marekani Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, aliyefariki 2009, likaja kwetu kwa televisheni na makongamano na sasa liko kila kona. Kwa nini linavuta watu? Kwa sababu linamwambia maskini kwamba Mungu anaiona kodi yake iliyoisha, anaona ugonjwa wake, na leo kuna kitu cha kufanya. Makanisa mengine yanaongea mbinguni tu wakati mtu kafungiwa chumba na mwenye nyumba. Tamko la wanatheolojia wa Kiinjili wa Afrika waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 chini ya Lausanne, mtandao wa Wakristo wa Kiinjili wa dunia, lililikosoa fundisho la mafanikio kwa ukali, lakini lilianza kwa kukiri kwamba nguvu za Mungu ni za kweli na kuwapa watu imani yenye matarajio ni jambo jema. Nakubaliana nao kwa yote mawili.

Sura nzima inasemaje. Wana 2 Wakorintho 9:6, apandaye haba atavuna haba. Ni Biblia hiyo, usiicheke. Mavuno yake Paulo anayaeleza mstari wa 10 na 11, mazao ya haki, na kutajirishwa ili muwe wakarimu, kwahiyo unaongezewa ili utoe tena. Luka 6:38, wapeni watu nanyi mtapewa, kipimo cha kusukwa-sukwa na kumwagika. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 35 kopesheni msitumaini kupata malipo, wa 37 msihukumu, achilieni. Hakuna madhabahu pale, kuna adui yako na jirani yako. Marko 10:30 mara mia inatajwa kweli, nyumba na mashamba, ila "pamoja na udhia", na hiyo haisomwi kwenye mikesha. Mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, huwa ndo mfano mkubwa, na ni mzuri, alimpa Eliya mkate kwanza na unga haukuisha. Lakini Eliya alikuwa na neno la Bwana kwa mwanamke yule, na wakala wote, nabii na mjane na nyumba yake, siku nyingi. Mtumishi anayeutumia mfano huo ajiulize kama na yeye anakula unga ule ule na mjane wake.

Yesu na mitume. Hapa ndo fundisho linapata shida kubwa zaidi. Simoni kule Samaria alipoleta hela apate karama, Petro alimjibu fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, Matendo 8:20. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani baada ya kumponya ukoma, Gehazi mtumishi wake aliyezikimbilia akapata ukoma ule ule. Mathayo 10:8 mmepata bure, toeni bure. Yakobo 5:14 mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, hakuna bei ya mafuta. Na Didake, maandishi ya Kikristo ya mwanzoni kabisa ambayo wasomi wengi huyaweka karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, yanasema nabii akisema kwa roho nipeni fedha msimsikilize, ila akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine mtu asimhukumu. Didake sio Biblia, naitaja kuonyesha kwamba Wakristo wa mwanzo kabisa walishaliona tatizo hili.

Hela inamfikia nani. Mara nyingi inaenda kwa mtumishi moja kwa moja, namba ya simu iko kwenye skrini na jina linalotokea ni lake. Kuna huduma zinazosomesha watoto na kuchimba visima, zipo, ukiona hivyo toa kwa amani. Uliza tu.

Kipato kidogo. Nasema hili kwa uchungu. Mtu aliye kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, anaambiwa mbegu ndogo inaleta mavuno madogo, anaongeza mkopo mwingine, mavuno yasipokuja anaambiwa imani yako haikutosha. Hela imekwenda, na sasa anaona kama hata Mungu amemkataa. Hicho cha pili ndo kinaniuma zaidi ya hela.

Inamfaa nani basi? Mwenye kitu cha ziada ambaye moyo wake umesukumwa kutoa kwa tukio fulani, na atakuwa na amani hata kama hakuna kitakachorudi. Mtu wa hivyo akiita sadaka yake mbegu sina ugomvi naye.

Kabla ya yote matatu, mama yako

Kuna sura inayokata kote, Marko 7:9-13. Watu walikuwa wanasema mali ambayo ingemsaidia baba au mama ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wazazi wanaachwa hivyo hivyo, na Yesu anawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Mali ilikuwa imetajwa kuwa ya Mungu kabisa. Weka hapo na 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Kwahiyo bibi yuko Morogoro anahitaji dawa za presha na wewe unaambiwa ukihamisha fungu la kumi umeiba, shika Biblia yako usome hiyo sura na mchungaji wako taratibu, mkiwa wawili, bila kelele. Wengi wao wakikaa hivyo wanaelewa, nao wana mama zao.

Sasa wewe uko wapi

Umeajiriwa, hudaiwi vibaya, kanisa lako linasoma mapato na matumizi: fungu la kumi ni utaratibu mzuri na hutapotea, shika tu kwamba unatoa kama mtu aliyekombolewa. Ile zaka ya mwaka wa tatu ya Kumbukumbu 14 usiisahau, tafuta yatima na mgeni wa mtaani kwako.

Biashara ya siku kwa siku, chipsi, mitumba, boda: chukua 1 Wakorintho 16:2 kama ilivyo. Mwisho wa wiki hesabu faida, sio mauzo, maana mtaji sio kipato chako, weka pembeni kiasi ulichokusudia.

Uko kwenye madeni: lipa watu. Warumi 13:8. Toa kidogo ulicho nacho, na usikope kamwe kwa ajili ya sadaka yoyote hata akikwambia nani.

Mgonjwa, au umekata tamaa na unavutwa na mbegu: nenda uombewe, kuombewa ni haki yako na ni bure. Ukiambiwa maombi yana kiwango, ondoka hapo ukaombewe kwingine. Hospitali usiache.

Upo kwenye kanisa la mbegu na unalipenda, umeokokea pale na marafiki zako wako pale: sio lazima uhame kesho. Baki, toa unachokusudia, usinyanyuke wakitaja viwango, na waulize wazee maswali mawili, hesabu inasomwa lini na mjane wa hapa kanisani anapata nini. Wakikujibu vizuri umepata kanisa. Wakikutishia, umepata jibu pia.

Mume anasali Lutheri mke anasali kwa Wapentekoste na hela ni moja, hii ipo nyumba nyingi sana hapa mjini. Msitumiane mistari kwa meseji. Kaeni Jumamosi jioni msome 2 Wakorintho 8 na 9 kwa sauti, ni sura mbili tu, kisha kila mmoja aseme amekusudia nini kwenye kipato cha nyumba, mkubaliane kiasi kimoja na mkigawe makanisa yote mawili. Msipokubaliana mwezi huu, toeni kile ambacho wote wawili mnakiridhia, hicho kilichobaki na ubishi kikae mpaka mwezi ujao mkisome tena.